Nani Apiga Debe? Chapa, Vifungashio na Matangazo ya Biashara katika Kisii na Nyamira

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umejishughulisha kwa muda mrefu na tenzi, mashairi, riwaya na tamthilia, na tangu miaka ya 1970 umeongeza juhudi katika fasihi simulizi. Hata hivyo, kuna maandishi mengine yanayosomwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote, na ambayo hayajapewa nafasi ya kutosha katika vyumba vya mihadhara. Haya ni maandishi ya kwenye kopo la mafuta ya kupikia, pakiti ya majani ya chai, ukuta wa duka na ubao wa barabarani. Mkulima wa Nyamache au wa Kebirigo aweza kumaliza mwaka mzima bila kufungua diwani ya mashairi, lakini ni vigumu amalize siku mbili bila kusoma, au kusomewa na mtoto wake, jina la sabuni.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki maandishi hayo kama yanavyoonekana katika kaunti za Kisii na Nyamira, nchi ya Abagusii, magharibi mwa Kenya. Eneo hili lafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu mbili. Kwanza, lugha ya nyumbani ni Ekegusii, ilhali Kiswahili kina nafasi kubwa sokoni, kwa kuwa katika soko kama la Daraja Mbili mjini Kisii Mgusii hukutana na Mjaluo, Mkipsigis, Mkikuyu na Msomali. Pili, wenyeji si wanunuzi tu wa bidhaa za viwandani. Wao ni wazalishaji wa chai, kahawa na ndizi, na zamani walikuwa wazalishaji wakubwa wa pareto. Yaani huzalisha mali ghafi ambayo baadaye hupewa majina na watu wengine.

Wataalamu wa nchi za nje wamekwisha kuligusa suala la lugha ya matangazo. Roland Barthes, katika Mythologies (1957), aliwachambulia Wafaransa sabuni za unga, Omo ikiwa mojawapo, akionyesha jinsi uchafu unavyogeuzwa adui na povu kuwa anasa. Geoffrey Leech, katika English in Advertising (1966), alichunguza msamiati na sarufi ya matangazo ya Kiingereza. Kazi zote mbili ni za msingi. Lakini zote mbili huliangalia tangazo kutoka upande wa anayelitunga. Mnunuzi huonekana kama sikio tu, asiye na ulimi. Mtazamo huo hautoshi Kisii, ambako mnunuzi amelijibu tangazo kwa kuunda maneno yake mwenyewe. Ndiyo sababu makala haya yanashikilia kwamba lugha ya biashara haipimwi kwa ufundi wa maneno peke yake, bali kwa swali hili: ni nani anayesema, na ni nani anayesemewa?

Kutoka merikani hadi kopo

Bidhaa yenye jina si jambo geni katika Kiswahili. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sultani wa Omani na Zanzibar, vitambaa vya pamba visivyotiwa rangi, vilivyofumwa Massachusetts, vilienea pwani na bara. Watu waliviita merikani. Jina la nchi likawa jina la kitambaa, na hatimaye jina la kitambaa chochote cha aina hiyo, hata kama hakikutoka Marekani. Hapo pana kanuni itakayojitokeza tena na tena katika mjadala huu: nomino ya pekee ikiingia sokoni, haichukui muda kuwa nomino ya kawaida.

Katika nchi ya Gusii bidhaa za duka zilitangulizwa na utawala. Kituo cha serikali ya kikoloni kilianzishwa Kisii mwaka 1907, na maduka ya Wahindi yakafuata. Mnamo Septemba 1914, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipopigana mjini humo na kisha kuondoka, wenyeji waliingia katika maduka na ofisi, wakachukua walichokikuta. Serikali iliporudi iliwaadhibu vikali. Tukio hilo hutajwa katika historia ya upinzani dhidi ya ukoloni, lakini lina fundisho katika historia ya bidhaa pia. Laonyesha kwamba kufikia mwaka huo thamani ya mali ya dukani ilikuwa imekwisha kujulikana. Walichokosa watu ni fedha, na fedha chache walizopata zilidaiwa kodi kwanza.

Tamaa ya bidhaa iligeuka kuwa desturi ya kununua pale zao la biashara lilipoingia. Kahawa ilianza kupandwa na Waafrika wa Kisii katika miaka ya 1930, kisha zikaja pareto na chai. Kufikia miaka ya 1950 viwanda vya Nairobi vilikuwa vinalilenga soko la Mwafrika waziwazi. East Africa Industries, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, ilileta mafuta ya Kimbo na Cowboy, siagi ya Blue Band na sabuni ya Omo. Magari ya sinema yalizunguka vijijini, yakionyesha vichekesho na, katikati ya vichekesho, matangazo. Magazeti ya Kiswahili, kama Baraza lililoanzishwa mwaka 1939 na baadaye Taifa Leo, yaliyachapa matangazo hayo. Na gazeti likisha kusomwa lilikuwa lenyewe kifungashio, kwani muuza nyama alilitumia kufungia nyama na mwenye duka alilikunja pembe akatia sukari. Msomaji wa kijijini mara nyingi alilipata gazeti kwa njia hiyo, likiwa na doa la mafuta.

Debe na gorogoro

Ushahidi mkubwa wa ulimi wa mnunuzi ni neno debe. Debe lilifika Afrika ya Mashariki likiwa limejaa mafuta ya taa. Lilikuwa bati la pembe nne, lenye ujazo wa galoni 4, yaani yapata lita 18, na jina lake lilitoka katika lugha za Bara Hindi. Mafuta yalipokwisha, bati lilibaki. Lilitekea maji, lilipimia mahindi, likakunjuliwa likaezekea paa. Halafu likaingia katika lugha yenyewe. Methali ikazaliwa kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Kusifu kitu au mtu hadharani kukaitwa kukipigia au kumpigia debe, na wanaoita abiria kwenye vituo vya magari, Kisii kama kwingineko nchini, wakaitwa wapiga debe. Katika siasa za Kenya mgombea humwambia mpinzani wake kwamba watakutana debeni, yaani kwenye sanduku la kura.

Jambo hili lastahili kutafakariwa na kila mwanafunzi wa semantiki. Kampuni zilizojaza mafuta katika mabati hayo ziliandika majina yao ubavuni, zikitaraji yakumbukwe. Lugha haikuyakumbuka. Ilichokikumbuka ni chombo, na kwa chombo hicho ikaunda istilahi yake ya kutangaza. Kwa hiyo hata neno ambalo Mswahili angelitumia kueleza kazi ya kampuni za matangazo limetokana na kifungashio kilichokwisha kumwagwa kilichomo.

Gorogoro ni mwana wa debe. Ni kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2, ambalo likiisha mafuta hutumiwa kupimia mahindi, maharagwe na wimbi. Neno hili hutumiwa na Wajaluo pia, na Abagusii huliambatisha kiambishi chao cha ngeli: egorogoro katika umoja, chigorogoro katika wingi, kama walivyofanya kwa egari na chigari. Umbo lake la kurudiwarudiwa laweka wazi kwamba halikutoka kwa mtaalamu wa istilahi wala kwa karani wa kampuni. Sheria ya vipimo na mizani haikulitambua, soko limelitambua. Bei ya mahindi huko Keroka au Ogembo hutajwa kwa gorogoro, na mama wa nyumbani hupanga mwezi wake kwa hesabu ya magorogoro.

Katika matumizi hayo pana sanaa ya mazungumzo na pana mgogoro. Muuzaji mwadilifu hulijaza kopo hadi lifanye kilele, kisha huongeza konzi moja, nayo ndiyo nyongeza. Muuzaji mjanja huligonga kitako kikaingia ndani, likapungua ujazo bila kupungua kimo. Mnunuzi aliyekomaa huligeuza kopo akalitazama chini kabla ya kununua. Kopo lililochapwa maneno ya kusifu usafi na lishe lasomwa sasa kwa namna ambayo mchapaji hakuidhania: lasomwa kitako. Msomaji wa gorogoro ni mhakiki kamili, kwa kuwa hapokei sifa za maandishi kabla ya kuupima ukweli wa umbo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 chapa za Kimbo na Cowboy ziliuzwa kwa kampuni ya Bidco. Makopo ya bati nayo yamepungua, yakichukuliwa nafasi na ya plastiki. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kwa wenye hisa, lakini kwa gorogoro hayakuwa na uzito. Mwenye chapa alibadilika, kifungashio kikabadilika, kipimo kikabaki.

Jina la kanga kama kigezo

Ili kuyahukumu matangazo yenyewe, yafaa kwanza kutafuta kigezo ndani ya utamaduni wa Kiswahili badala ya kuazima kigezo cha London au Paris. Kigezo hicho kipo katika kanga. Maandishi ya kanga huitwa jina. Kanga hubeba pia chapa ya biashara: zile za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa hujulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla. Lakini mwanamke anaponunua kanga, hanunui alama hiyo. Hununua jina, na akishajifunga, jina lile huwa kauli yake kwa jirani, kwa mume au kwa mke mwenza. Mwenye kiwanda alichapa. Msemaji ni mvaaji.

Tangazo la kawaida hugeuza uhusiano huo. Kampuni husema, mnunuzi husikiliza. Tofauti hii ndiyo mizani inayopendekezwa hapa. Tangazo linalokaribia hali ya kanga, likampa mnunuzi maneno anayoweza kuyasema kwa nia yake, lina uhai wa kifasihi. Tangazo linalombakiza mnunuzi katika hali ya kuamrishwa hufa pindi rangi inapobambuka ukutani.

Tukianza kwa majina ya bidhaa, mizani hii yaonyesha mafanikio ya wazi katika yale yaliyotokana na wanyama. Unga wa Jogoo, mafuta ya Kasuku na unga wa Ndovu ni majina yasiyohitaji shule. Mtoto asiyejua kusoma hutumwa dukani akamtambua ndege kwa picha. Majina haya pia huingia kwa urahisi katika maongezi kwa kuwa yana maana kabla ya bidhaa na nje ya bidhaa. Jogoo lilikuwa pia alama ya chama cha KANU, na kwa miaka mingi mwananchi aliweza kulitania jina hilo akiwa mezani pasipo kukamatwa kwa neno lolote. Kasuku lilikuwa jina la mafuta na la daftari za shule pia, na mwalimu anayemkanya mwanafunzi asikariri kama kasuku hakukosa mfano mkononi.

Bia ya Tusker yatoa mfano wa ajabu zaidi. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili wa Hurst. Mmoja wao, George, aliuawa na ndovu mwaka uliofuata, na bia ikapewa jina la mnyama yule kwa Kiingereza. Hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waafrika wa Kenya walikatazwa kisheria kunywa bia ya chupa. Pombe yao ilikuwa ya wimbi, nayo pia ilidhibitiwa. Walioweka picha ya ndovu kwenye chupa huenda hawakujua kwamba katika Kiswahili tembo ni mnyama na tembo ni pombe ya mnazi. Lugha ilikuwa imelifanya tangazo hilo kabla yao.

Kaulimbiu ya bia hiyohiyo, Bia yangu, nchi yangu, ni tungo la ustadi. Lina vikundi nomino viwili bila kitenzi, na kwa kuwa bia na nchi zote ni za ngeli ya I-ZI katika umoja, upatanisho wa kisarufi umezaa kina na mizani bila kulazimishwa. Aidha, msemaji wa kauli hiyo ni mnywaji mwenyewe, kama mvaaji wa kanga. Kwa upande wa fani, basi, lafaulu. Kwa upande wa maudhui lina walakini. Kulisawazisha taifa na chupa ni kuwatoa nje ya taifa wasiokunywa, na katika Kisii na Nyamira hao ni wengi. Umisheni wa Wasabato ulifika huko mwanzoni mwa miaka ya 1910 na kupata wafuasi wengi sana. Mafundisho yao hukataza pombe na tumbaku, na huwashauri waumini waepuke hata chai na kahawa. Katika nyumba nyingi za waumini hao, kreti ya soda ndiyo inayoheshimu mgeni. Waliotunga kaulimbiu ya nchi nzima hawakuwa wameiuliza nchi nzima.

Kiswahili kilichotafsiriwa

Sehemu kubwa ya matangazo ya Kiswahili, hata hivyo, haifiki kiwango hicho. Yametungwa kwanza kwa Kiingereza, kisha yakavikwa maneno ya Kiswahili. Dalili zake ni dhahiri. Vimilikishi hujazwa pasipo haja: msomaji huambiwa aoshe nywele zake, anawe mikono yake, apige meno yake mswaki, ilhali Mswahili hunawa mikono na kupiga mswaki bila kuthibitisha umiliki wa viungo vyake. Bidhaa husifiwa kwamba ni mpya na iliyoboreshwa, bila kusemwa ya zamani ilikuwa na kasoro gani. Vivumishi hupangwa vitatu vitatu. Kitenzi huwa katika hali ya kuamuru tangu mwanzo hadi mwisho, kama kwamba mnunuzi ni askari aliye gwarideni.

Yafaa kulinganisha Kiswahili hicho na wito wa muuza mitumba wa Daraja Mbili. Yeye husema mia mia, na kwa kurudia nambari amekwisha kueleza kwamba kila nguo, ichaguliwe ipi, bei yake ni shilingi mia. Sarufi ya uradidi imemfanyia kazi ambayo tangazo la kutafsiriwa lingeihitaji sentensi nzima. Hawezi kukosea vimilikishi kwa sababu hatafsiri. Anafikiri ndani ya lugha anayoiuzia. Methali yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuza mitumba ameithibitisha nusu yake ya pili na kuikanusha papo hapo, maana yeye hutembeza vizuri na vibaya pamoja, na mteja hupewa nafasi ya kupekua.

Mnunuzi naye hulipiza kisasi cha kimya kwa tafsiri mbovu. Sentensi ndefu huiacha ukutani, jina moja hulichukua, tena hulichukua apendavyo. Colgate imekuwa dawa yoyote ya meno, na Omo imekuwa sabuni yoyote ya unga. Wenye chapa huona hatari ya kupoteza haki ya jina. Kwa mwanaisimu hii ni sheria ileile ya merikani, ikitenda kazi baada ya karne moja na nusu.

Jahazi milimani

Tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanzishwa, rangi ya kijani ya Safaricom imeenea kwenye kuta za maduka kutoka Suneka hadi Ikonge. Pamoja na rangi hiyo yamekuja majina ya huduma ambayo, kwa usanifu wa Kiswahili, yameyapita yote yaliyotangulia. Hapana tafsiri katika Sambaza, Okoa Jahazi, M-Shwari na Fuliza. Haya ni maneno yaliyochimbwa kutoka kiini cha lugha, na mhakiki mwadilifu hana budi kuwavulia kofia waliyoyachagua.

Okoa Jahazi ni mkopo wa muda wa maongezi, unaokatwa ada ya asilimia 10. M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, ni akiba na mkopo wa simuni. Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, humwezesha mtu kulipa hata pale fedha zake zisipotosha, akabaki na deni. Katika majina matatu haya neno deni halimo, wala neno mkopo. Mtu aliyeishiwa ameitwa nahodha anayeokoa chombo. Aliyekopa ameambiwa kwamba bahari ni shwari. Aliyepitisha kiasi cha fedha zake amepewa kitenzi chenye maana ya kuendelea bila kukatika. Sitiari hizi ni za bahari na za mwambao, nazo zinatamkwa kila siku katika milima iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na watu ambao wengi wao hawajapata kuliona jahazi. Kwa lugha, huo ni ushindi: sitiari ya Lamu imekuwa mali ya Nyamira. Kwa mkopaji, ni jambo la kuangaliwa kwa tahadhari, kwani sitiari iliyo nzuri huficha vizuri.

Hapa ndipo kigezo cha kanga kinapotoa hukumu ngumu. Majina haya yanampa mnunuzi sauti. Yeye ndiye anayesema kwamba anafuliza, anaokoa, anasambaza. Lakini sauti aliyopewa haina neno la kutaja kinachomtokea. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilichukua kaulimbiu ya Twaweza, kwa njeo ya -a- yenye ladha ya pwani. Kiambishi tu- katika Kiswahili hakitofautishi sisi pamoja nawe na sisi bila wewe. Swali la nani amo ndani ya tu- hiyo haliwezi kujibiwa na sarufi. Hujibiwa na taarifa ya salio mwisho wa mwezi. Na soko limeanza kujibu. Kuishi kwa Fuliza kumekuwa kauli ya kujidhihaki na ya kuwadhihaki wengine, na kwa dhihaka hiyo neno deni limerudishwa mahali pake. Kitako cha gorogoro kimetazamwa tena.

Chai isiyo na jina

Suala zito kuliko yote ni la bidhaa zinazotoka Kisii na Nyamira, si zinazoingia. Mkulima mdogo wa chai hupeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia, nayo husafirishwa hadi viwanda vilivyo chini ya KTDA, mamlaka iliyoundwa mwaka 1964 na kugeuzwa kuwa kampuni mwaka 2000. Kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Chai hiyo hutiwa katika mifuko iliyopigwa jina la kiwanda: Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Kiamokama, Itumbe. Majina haya ni chapa za kweli. Wanunuzi wa mnada wa Mombasa huyafahamu, huonja chai ya kila jina na kuipa bei yake. Lakini mnada ukisha, mfuko hufunguliwa, chai huchanganywa na nyingine, na jina la Nyansiongo hutoweka. Mnywaji wa Uingereza au Pakistani hupata pakiti yenye jina la mchanganyaji.

Sehemu ndogo hurudi nyumbani. Kenya Tea Packers, yaani Ketepa, kampuni ya Kericho iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, huuza chai iitwayo Fahari ya Kenya. Jina hili ni fasaha na la heshima. Hata hivyo, mchumaji wa Sanganyi anapoinunua dukani, huenda ananunua jani lililopita mikononi mwake mwenyewe, na pakiti haimwambii. Fahari ni ya Kenya, Sanganyi haikutajwa. Pareto ilikuwa na hali mbaya zaidi, kwani maua yaliyokaushwa juani na akina mama wa Gusii yaliishia katika dawa za kuulia wadudu zenye majina ya ng'ambo, na zao hilo liliporomoka bila mnunuzi wa dawa hizo kujua kwamba Gusii ilikuwapo.

Kinyume chake ni jiwe la Tabaka na ndizi. Jiwe laini linalochongwa Tabaka hujulikana ulimwenguni kama jiwe la Kisii, ingawa halijafungwa katika boksi lenye nembo. Ndizi za Kisii hutajwa hivyo katika masoko ya Nairobi, nazo zilifungwa kwa majani makavu ya mgomba wenyewe muda mrefu kabla ya sheria ya tarehe 28 Agosti 2017 iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki. Jina la mahali limeshikamana na vitu hivi kwa sababu hakuna mashine iliyopata nafasi ya kuvichanganya. Kizuri chaweza kujiuza, lakini kwa sharti kwamba kiruhusiwe kufika sokoni kikiwa bado na jina lake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya chapa, vifungashio na matangazo katika Kisii na Nyamira ni historia ya mvutano juu ya haki ya kutaja. Kampuni huleta jina. Soko hulikubali, hulipanua, hulidhihaki au hulitupa na kubaki na kopo. Pale mnunuzi alipopata kuwa msemaji, lugha imenufaika: debe, gorogoro na mia mia ni mali ya kudumu. Pale alipotafsiriwa, hakuna kilichobaki. Na pale alipopewa maneno mazuri yanayoficha deni, wajibu wa mhakiki umekuwa mkubwa kuliko wa yule anayehakiki riwaya, kwa kuwa msomaji wa riwaya halipi ada ya asilimia 10 kwa kila sitiari.

Kutokana na hayo, mambo matatu yapendekezwa. Idara za lugha za Kiafrika zikusanye maandishi ya vifungashio na kuta kabla hayajabambuka, na miito ya wauzaji kabla haijafunikwa na vipaza sauti, kama zilivyokusanya ngano na vitendawili. Watunzi wa kamusi wayaingize majina ya chapa yaliyokwisha kuwa nomino za kawaida, pamoja na historia yake na maumbo yake katika lugha kama Ekegusii. Mwisho, walimu wa Kiswahili wa shule za Kisii na Nyamira waweke pakiti ya chai mbele ya wanafunzi wao na kuwauliza maswali ya kawaida ya uhakiki: nani anasema, kwa nani, na nini hakikusemwa. Baadhi ya wanafunzi hao watakuwa wamechuma chai asubuhi ya Jumamosi iliyotangulia, na jibu la swali la tatu watalijua kabla ya mwalimu.